Usiku wa Sensa kwa Mama

Mama alinipigia simu kabla sijafungua duka. Aliruka salamu, na mama akiruka salamu ujue ana jambo. "Siku ya kuhesabiwa uje ulale huku," alisema. Nikamweleza kwamba mimi nitahesabiwa Katesh, ndiko ninakoishi na ndiko mjumbe wa mtaa ananijua. "Sikukuuliza unaishi wapi," akanijibu. "Nimesema uje ulale." Akakata. Nikabaki na funguo mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi za kwanza, nimeamrishwa kama mtoto wa darasa la pili.

Nyumbani kwetu ni Daudi, juu huko Mbulu, kwenye baridi. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, yeye na ng'ombe wake na shamba la mahindi, maharage na vitunguu swaumu. Nyumba ni kubwa. Baba aliijenga akiwa na watoto wanne na matumaini ya kila mmoja kupata chumba, na ilipoisha vizuri, na bati likang'aa, tukaanza kuondoka mmoja mmoja. Leo vyumba vile vina magunia.

Sasa redio ilikuwa imetangaza kila asubuhi kwamba mtu atahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Wengi wetu tuliisikia sheria hiyo ikaingia sikio hili ikatokea lile. Mama aliishika kama anavyoshika amri za kanisani. Akaipindua akaiangalia upande wa pili, akaona kitu ambacho nadhani waliotunga sheria hawakukiona: kama mtu anahesabiwa alipolala, basi mzazi mwenye watoto wenye miguu anaweza kuijaza nyumba yake kwa usiku mmoja, na serikali ikaandika hivyo hivyo.

"Sitahesabiwa peke yangu kama mchawi," aliniambia alipopiga tena.

Nilicheka sana. Nilipomaliza kucheka nikaanza kutafuta nani wa kuniangalizia duka.

Duka langu ni steshenari ndogo karibu na stendi ya Katesh. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, napiga picha za paspoti. Mume wangu anaendesha malori, na usiku huo wa sensa angehesabiwa Singida au Nzega, popote ambapo lori lingelala. Ukitaka kujua mji unavyokua usisubiri sensa, fungua duka la picha za paspoti. Kila anayeingia mjini, kabla hajapata kazi, kiwanja au mchumba, anahitaji picha. Wote hukaa kwenye kile kistuli changu mbele ya kitambaa cha bluu, na mimi huwaambia wanyanyue kidevu.

Nilipofika Katesh mara ya kwanza, nilimjua mtu ni nani kabla hajakaa. Mama wa Kibarbaig aliingia na sketi yake ya ngozi na bangili zake za shaba, akiogopa kidogo ile taa ya kamera. Mwiraqw mwenzangu alinisalimia kwa lugha yetu na kuomba apunguziwe. Mchagga wa duka la vifaa vya ujenzi alitaka risiti. Wanyaturu na Wanyiramba walikuja na basi la Singida wakiwa na madumu ya mafuta ya alizeti. Siku hizi nabahatisha, na nakosea. Juzi aliingia binti mwenye kucha nyekundu, nikamwongelesha Kiiraqw, akanitazama tu. Mama yake Mbarbaig, baba yake Mnyaturu, amezaliwa hapa mjini nyuma ya soko, na lugha yake ni Kiswahili na simu.

Hata fedha zimebadilika sura. Zamani mwenye bati alikuwa mwenye nacho, basi, hakuna maswali. Leo bati ni la kila mtu, na mwenye nacho anaweka vigae vinavyoteleza na dari ya jipsamu. Lakini hao hao wanapangisha chumba kimoja kwa familia nzima, na pazia katikati, wazazi huku, watoto kule. Nawajua wazee wa Kibarbaig waliokuwa na zizi la kutisha huko bondeni, na leo wajukuu zao wanalinda maduka na rungu mkononi, wamevaa koti la kampuni. Mji unaongezeka, nauona kwa macho yangu, ila si kila aliyeongezeka ameongezewa.

Familia yetu nayo ni kama hicho kistuli changu. Kaka yetu mkubwa yuko Arusha, ameoa Mnyaturu. Mdogo wetu wa mwisho anatengeneza simu Babati na bado hajaoa, jambo ambalo mama humkumbusha kila akiomba kabla ya kula. Na dada yangu, anayenifuata mimi, aliolewa na Mbarbaig wa pale chini ya mlima Hanang, mfanyabiashara wa ng'ombe, na sasa wanakaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

Ndoa hiyo ilitutoa jasho. Wairaqw na Wabarbaig wamechukuliana ng'ombe tangu enzi za mababu, na mama alikuwa na babu aliyelala nje na mkuki kwa sababu hiyo. Alipoambiwa binti yake ameposwa na nani, alikaa kimya wiki nzima, akipika na kukamua bila neno. Shemeji alikuja kujitambulisha. Hakuleta maneno mengi. Aliomba kuona ng'ombe. Akaingia zizini, akazunguka taratibu, akatoka, akasema, "Mama, hawa wamelelewa." Hakusema ni wangapi. Mama aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo moyo wake ulipolegea, maana mtu aliyefundwa kwao hahesabu mifugo ya mwenzake, wala hasemi idadi yake kwa mdomo. Hata yake mwenyewe hahesabu. Kukihesabu kilicho hai ni kukiitia balaa. Kumbe Wabarbaig kule bondeni nao waliambiwa hivyo hivyo.

Lazima niseme tulikuwa tumepanga nini, kwa sababu mwito huu wa mama ulituangukia kama zawadi. Kaka alitufungulia kundi la WhatsApp la ndugu bila mama, akaandika kwa herufi kubwa kwamba, kwa kuwa siku hiyo tutakuwa pamoja wote, ndiyo siku ya kumwambia ahame. Ahamie Katesh, kwangu. Ng'ombe wauzwe, shemeji atafute wateja wazuri. Shamba lipangishwe kwa jirani.

Mimi ndiye niliyekuwa nalitaka jambo hili kuliko wote. Masika yaliyopita mama alianguka zizini. Jiwe likamchana mguu, na hakumwambia mtu yeyote mpaka kidonda kilipokauka. Nilikiona kovu kwa bahati, amekunja sketi anaosha miguu. Nilimfokea mpaka jirani akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo simu ikiita alfajiri moyo wangu huruka, nikidhani ni mtu wa Daudi ananipa habari. Nilikuwa nimeshaandaa chumba. Nimenunua kitanda na godoro nene, nimeweka pazia zito ili jua la Katesh lisimsumbue. Kila nikipita mlango wa chumba kile nilimwona mama amekaa mle ndani, na nilimpenda sana akiwa amekaa mle.

Tulisafiri na pikapu ya shemeji, tukapita Dareda, tukapandisha mlima mpaka Dongobesh. Kadiri tulivyopanda ndivyo tulivyovaa. Mpaka tunafika Daudi dada yangu alikuwa na masweta mawili na kanga kichwani. Nikaona kitu cha ajabu. Kila nyumba ilikuwa inafuka moshi kutoka kila mahali panapoweza kutoka moshi. Kulikuwa na pikipiki uani, kulikuwa na magari yenye vumbi la mbali. Watoto nisiowajua walikuwa wanakimbizana na ndama. Nilidhani kuna msiba. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye ucheshi, alitupungia mkono kutoka kwenye shamba lake la vitunguu. "Na mimi wangu wamekuja!" alipiga kelele. "Wote! Hata yule wa Dodoma!"

Hapo nikaelewa. Mama hakuwa peke yake katika ujanja ule. Akina mama wa kitongoji walikuwa wamekaa baada ya ibada wakakubaliana. Mwenyekiti aliwaambia kwamba zahanati na walimu huletwa kufuatana na watu, basi nao wakaamua kuwaleta watu. Kijiji kilikuwa kimejaa kama Krismasi. Nikafikiria Katesh tuliyoiacha nyuma, na Mbulu mjini, na Babati, usiku huo zimebaki na wageni tu, wenyeji wote wamepanda mlimani kulala kwa mama zao. Nilicheka mpaka shemeji akaniuliza kama mwinuko umenizidi.

Mama alitupokea kama jemadari anayekagua askari. "Shikamoo mama," tukasema wote pamoja. "Marahaba, ingieni, msiiache baridi ikaingia." Magunia yalikuwa yametolewa vyumbani. Alikuwa ametandika magodoro yake na ya jirani na ya kanisa, sijui aliyapataje. Kaka na wifi walikuwa wameshafika kutoka Arusha na watoto wao, wamejikunyata karibu na jiko. Mdogo wetu alikuwa ametumwa kuni.

Tatizo lilikuwa shemeji. Kwao mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe, na heshima hiyo hajawahi kuiacha hata siku moja. Safari nyingine zote alilala kwenye pikapu. Mama hakutaka kusikia habari za pikapu. "Wakikukuta kwenye gari watakuandika ni wa barabarani," alisema. Wakajadiliana muda mrefu, yeye akiwa mlangoni na shemeji akiwa uani, kila mmoja akiangalia pembeni kwa adabu. Mwishowe wakakubaliana stoo ya mahindi, ambayo ina paa lake lenyewe lakini iko ndani ya uzio. Mama akampelekea blanketi zuri kuliko yote.

Tulipomaliza kula ugali na maziwa, kaka akakohoa. Nikajua anataka kuanza. Alikuwa na hotuba, alinisomea kwenye simu siku iliyotangulia, ilikuwa na utangulizi. Mama akamtazama. "Una kikohozi au una maneno?" Kaka akasema ana maneno. "Tuhesabiwe kwanza," mama akasema, "maneno hayaozi." Akaomba sala ndefu ya jioni, akatutaja kila mmoja mbele za Mungu na mahitaji yake, la mdogo wetu likiwa mke, akatupeleka kulala.

Nililala chumba changu cha zamani na dada yangu, tumebanana kama utotoni. Niliwasikia wote wakipumua kupitia kuta zile nyembamba, kaka akikoroma, watoto wakisogeasogea. Nilijisikia furaha ambayo sikuitarajia, na ndani ya furaha hiyo nilijiona msaliti kidogo. Nikajiambia kwamba ni kwa ajili yake. Nikageuka upande mwingine, dada akalalamika nimemvuta blanketi.

Karani wa sensa alifika asubuhi jua likiwa limeshapanda, amevaa kizibao na amekumbatia kishikwambi chake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale kijijini, binti mdogo tu, Msukuma, na baridi ilikuwa imempasua midomo. "Shikamoo bibi, shikamooni wote." Akatutazama tulivyojaa sebuleni akashusha pumzi. "Na hapa pia," alisema. Mwongozo wake ulimwambia kijiji kina watu kiasi fulani, na sasa kila nyumba aliyoingia ilikuwa kama harusi. Mama akampa kiti na chai ya maziwa kabla hajafungua mdomo.

"Bibi, wewe ndiye mkuu wa kaya?"

"Ndiyo mimi. Lakini anza na watoto. Mimi siendi popote."

Akaanza na mambo ya nyumba. Paa la nini, kuta za nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, choo cha namna gani. Mama alijibu kwa fahari, na pale kwenye choo alimtaka karani aende akakione mwenyewe. Ikaja mifugo. "Mna ng'ombe wangapi, bibi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo tu. Mungu amesaidia."

Yule binti alimtazama kaka, kaka akatazama dari. Ndipo shemeji, aliyekuwa amekaa nje kwenye ngazi akisikiliza, akasema kwa upole bila kugeuka, "Mwalimu, hao hawahesabiwi. Mwombe mama akutajie." Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaanza kuwataja, kama anavyowaita jioni: yule mwekundu mwenye baka, yule mweusi mwenye nyota usoni, binti yake huyo mweusi, yule mkorofi wa kijivu, yule aliyezaliwa baba yenu akiugua. Karani alikuwa anakunja vidole taratibu chini ya meza mahali ambapo mama asingeviona. Nilimpenda binti yule kwa adabu hiyo.

Ikaja zamu ya watu. Majina, umri, uhusiano na mkuu wa kaya. Mtoto, mtoto, mkwe, mjukuu. Mama alikuwa amenyooka kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, anasikiliza jinsi nyumba yake inavyojaa. Akaingilia mara moja tu. "Mbona huulizi makabila yao?"

"Sensa yetu haiulizi kabila, bibi. Wala dini."

Mama alifikiri. "Sasa watajuaje kwamba huyu Mbarbaig wangu alilala kwangu?"

Shemeji kule nje alicheka kwa sauti, na ni mtu asiyecheka ovyo. Sote tukacheka. Hata sasa nikikumbuka alivyosema Mbarbaig wangu, mama yule yule wa wiki nzima ya kimya, nacheka peke yangu.

Kisha karani akauliza swali ambalo hakuna aliyetuonya kwamba lipo. Alianza na kaka. "Kwa kawaida unaishi wapi?"

"Arusha," kaka akasema.

Wifi akasema Arusha. Watoto wao Arusha. Dada akasema Katesh, na shemeji akasema Katesh kutoka kwenye ngazi. Mdogo wetu akasema Babati, akikuna shingo. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Swali lilikuwa fupi, na yule binti aliliuliza kwa sauti ile ile kila mara, akigusa kioo chake. Sikumtazama mama. Nilitazama mikono yake, na niliona jinsi kidole gumba kilivyokuwa kinasugua kingine. Zamu yangu ilipofika nilitamani mno kudanganya. Lakini ni serikali, na nilishaapishwa na redio mwezi mzima kusema kweli. "Katesh," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu aliyeiba.

"Na wewe, bibi? Unaishi hapa?"

Mama alimgeuzia swali. "Wewe mwalimu, mwenzangu, unaishi wapi?"

"Mimi? Hapa hapa, bibi. Nyumba za walimu."

"Kwenu ni wapi?"

"Kwetu Shinyanga."

"Lakini unaishi hapa."

"Ndiyo, bibi. Naishi hapa."

"Basi andika," mama akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Mimi na wewe tunaishi hapa. Hawa andika wageni."

Karani alisita, kisha akaandika alichopaswa kuandika, akamaliza chai, akabandika karatasi yake mlangoni na kwenda kwa jirani. Kaka, ambaye ni jasiri au mjinga, sijaamua, aliona huo ndio wakati. Akakohoa. "Mama, tulikuwa tunafikiri kwamba kwa umri wako..."

"Subiri," mama akasema. "Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mwanao, mama."

"Umeandikwa nani?"

Kaka akautazama mlango uliobandikwa karatasi.

"Kwenu huko Arusha mgeni anamwambia mwenye nyumba ahame? Huku kwetu hatuna hiyo." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Kaeni, mtakula kuku. Mgeni hali maziwa matupu."

Nilidhani ni utani wa kumnyamazisha kaka, ungepita na mchana. Haukupita. Mama alitufanya wageni kwelikweli. Alitoa vikombe vya maua ambavyo huvitoa akija mchungaji. Nilipoinuka kuosha vyombo alinishika bega akanirudisha kwenye kiti. "Kaa, mwanangu, umetoka mbali." Dada alitaka kumenya viazi, akanyang'anywa kisu. Mdogo wetu alishika ndoo kwenda kisimani, akaambiwa aiache, mwenye nyumba ataleta. Tulikaa kwenye makochi yale yenye vitambaa vya kufuma, watu wazima tumepanga mikono, tukimtazama mama yetu mzee akipita na moto, na maji, na kuni, anatutabasamia. Sijawahi kuadhibiwa vile. Angetupiga fimbo ningeshukuru.

Hotuba ya kaka haikutolewa. Kesho yake wenzangu wakaondoka. Mama aliwasindikiza mpaka barabarani, jambo analowafanyia wageni tu, sisi siku zote hutuacha mlangoni huku akiendelea na kazi. Aliwafungia kila mmoja mahindi na vitunguu swaumu kwenye mfuko. Akawapa mkono. "Karibuni tena," aliwaambia. Wifi alilia mle garini, nilimwona kupitia kioo. Shemeji alikuwa wa mwisho. Aliinamisha kichwa chake kirefu kwa mama, wakaongea jambo la ng'ombe kwa sauti ya chini, akawasha pikapu.

Mimi sikupanda. Nilimwambia dada amwambie mwenye kuniangalizia duka aendelee tu. Sikuwa na sababu nzuri. Niliona siwezi kupewa ule mkono.

Mama hakuniuliza kwa nini nimebaki. Jioni akanipa tena kikombe cha maua. Akanitandikia yeye mwenyewe, akanitakia usiku mwema kama anavyomtakia mtu wa shirika la misaada. Nililala nikiwa na hasira naye, hasira kabisa, na nikiwa na hasira na kile kitanda changu cha Katesh chenye godoro nene. Ndani ya chumba kile nilichokiandaa kwa upendo wote, yeye ndiye angekuwa mgeni. Angekaa kitako amepanga mikono, na mimi ningempitia mbele na moto na maji, natabasamu. Sikuwa nimewahi kukiona hivyo.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikajikunyata mlangoni na shuka langu. Umande ulikuwa mweupe kwenye majani. Mama alikuwa ameshakamua. Alitoka nyuma ya zizi akiwa amevaa koti la baba na buti zake, amebeba majembe mawili begani, akasimama mbele yangu. Samadi ya mwaka mzima ilikuwa imerundikana kando ya zizi, inasubiri kupelekwa shambani kabla ya mvua. Akanitazama juu mpaka chini, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko.

"Mgeni siku mbili," alisema.

Sikumwacha amalizie. Kila mtu anaijua iliyobaki, siku ya tatu mpe jembe. Nikalinyakua jembe moja begani mwake kama mtoto anayenyakua andazi. Akanigombeza hapo hapo kwamba nimevaa viatu vya kijinga, nani anaingia kwenye samadi na raba nyeupe, mji umenipunguza akili. Alinigombeza njia nzima mpaka kwenye rundo, na tulipoanza kuchimba akanigombeza jinsi ninavyolishika jembe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia harufu.

Kaka alinipigia nikiwa nimeinama, mgongo unawaka moto. Aliuliza kwa sauti ya chini kama nimepata nafasi ya kumwambia mama lile jambo letu.

"Sijamwambia, na sitamwambia," nikasema. "Halafu sasa hivi siwezi kuongea, nina jembe mkononi."

Akauliza polepole, "Amekupa jembe?"

"Amenipa."

Nilisikia magari ya Arusha yakipita nyuma yake, na mtu anauza kitu kwa kipaza sauti.

"Mwambie nakuja Jumamosi," kaka akasema. "Mwambie nitakaa mpaka Jumatatu."